Kwa nini nyota za Michelin haziwafikii wapishi wengi wa dunia

Mwongozo wa Michelin, kitabu kinachoorodhesha migahawa na kuitunuku iliyo bora nyota, ulianza kuchapishwa Ufaransa mwaka 1900. Waanzilishi wake, ndugu André na Édouard Michelin, walikuwa watengenezaji wa matairi, na shabaha yao ilikuwa kuwahimiza wenye magari, ambao wakati ule hawakufika hata 3,000 nchini humo, wasafiri zaidi ili matairi yachakae na kununuliwa mapya. Nyota za chakula zilikuja mwaka 1926, na ngazi za moja hadi tatu zikafuata miaka michache baadaye. Hadi leo ngazi hizo zinamzungumzia msafiri: nyota mbili ni za mgahawa unaostahili mtu kuacha njia yake, na tatu ni za mgahawa unaostahili kufungiwa safari. Asili hii inasaidia kueleza kwa nini orodha inayotajwa kana kwamba ni kipimo cha upishi wa dunia nzima ilifika mwaka 2024 bila kuwa na toleo la nchi hata moja ya bara la Afrika.

Wakaguzi wa mwongozo, wanaokula migahawani na kuamua nani apate nyota, hawaendi kila mahali. Kwa miaka mingi mwongozo ulijikita Ulaya, ukaingia New York mwaka 2005 na Tokyo mwaka 2007, na tangu hapo upanuzi wake umetegemea kwa kiasi kikubwa mikataba na bodi za utalii. Mamlaka ya utalii ya Thailand iliahidi takriban dola milioni 4.4 kwa kipindi cha miaka mitano, na toleo la kwanza la Bangkok likatoka Desemba 2017. Bodi ya utalii ya jimbo la California nayo ilichangia dola 600,000 kwa toleo la mwaka 2019. Michelin hueleza kwamba fedha hizo haziingii katika uamuzi wa wakaguzi, nami sidai kwamba nyota zinauzwa. Hata hivyo, fedha ndizo zinazowaleta wakaguzi katika sehemu nyingi, na kwa hiyo nchi isiyo na nyota haijafeli mtihani wowote, kwa kuwa haijawahi kuitwa kuufanya.

Tatizo lililo zito zaidi limo ndani ya vigezo vyenyewe. Wakaguzi hutazama ubora wa mazao yanayopikwa, umahiri wa mbinu, uwiano wa ladha, nafsi ya mpishi inavyojitokeza katika chakula chake, na uthabiti wa ubora huo kutoka siku moja hadi nyingine. Vigezo hivi havimtaji mtu wala taifa, lakini vyote huanza na dhana kwamba chakula bora kimo ndani ya nyumba ya biashara inayofunguliwa mwaka mzima, yenye orodha ya vyakula na mpishi mmoja anayejulikana kwa jina. Katika pwani yetu dhana hiyo haishiki. Mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja akiulizwa biriani iliyomkaa moyoni, mara nyingi atataja karamu ya harusi fulani. Biriani hiyo ilipikwa na wapishi wa shughuli wanaoitwa kwa sifa zao mitaani, kwa masufuria makubwa juu ya kuni, wali ukapaliwa makaa juu ya kifuniko, na wageni wakala kwa mkono wakilizunguka sinia moja. Mkaguzi ambaye kanuni yake ni kufika bila kujitambulisha, kuagiza na kulipa bili hana mlango wa kuingilia hapo.

Kigezo cha nafsi ya mpishi nacho kina uzito wa namna yake. Katika mapishi ya pwani mpishi husifiwa kwa kuifikia ladha ambayo walaji wote wanaijua tangu utotoni, na anayeibadilisha pilau ili ionekane kuwa yake peke yake huulizwa amekosea nini. Ustadi wa kulinda ladha ya pamoja ni mgumu na huchukua miaka kujifunza, ila kipimo kinachotafuta alama ya mtu binafsi hakiuoni kwa urahisi.

Ni kweli kwamba wakaguzi wamepiga hatua. Mwaka 2016 walitoa nyota kwa vibanda viwili vya chakula nchini Singapore, na mwaka 2024 kwa El Califa de León, kijimgahawa cha taco (chapati ndogo ya mahindi iliyokunjwa na nyama ndani) katika Jiji la Mexico. Mapishi yenye asili ya Afrika Magharibi pia yamepata nyota: mgahawa wa MoSuke jijini Paris mwaka 2021, kisha migahawa ya Akoko na Chishuru jijini London mwaka 2024. Nawafurahia wapishi hao kwa dhati, lakini ni lazima tuone kwamba mapishi hayo yametambuliwa katika miji mikuu ya Ulaya, ilhali Dakar na Lagos hazina toleo. Profesa Krishnendu Ray wa Chuo Kikuu cha New York ameonyesha kwamba nchini Marekani bei ambayo walaji wako tayari kulipia chakula cha taifa fulani huenda sambamba na hadhi wanayowapa watu wa taifa hilo; chakula cha Kijapani kilipanda bei kadiri Japani ilivyotajirika.

Zipo njia nyingine za kutambua chakula. UNESCO iliingiza nsima ya Malawi, yaani ugali wa huko, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, na ceebu jën ya Senegal, wali wa samaki, mwaka 2021. Mwaka huohuo wa 2021 kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili, zikiwemo mboga za majani za kienyeji, iliingia katika rejista ya UNESCO ya mifano bora ya uhifadhi. Huko kinachoangaliwa ni jamii inayopika na namna inavyowarithisha vijana maarifa yake. Bodi ya utalii ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki itakayoletewa mkataba wa mwongozo wa nyota ihesabu kwanza ni wapishi wangapi wa shughuli na mama ntilie wangapi watakaoweza kukaguliwa chini ya mkataba huo, kisha ilinganishe gharama yake na gharama ya kuwapatia wapishi haohao maji safi, majiko bora na sehemu za kudumu za kuuzia.