Malaria hukoleaje? Chanzo ni kunasa kwenye mishipa

Seli za mwili hushikana kwa molekuli maalumu zilizo kwenye utando wake. Molekuli hizo hizo ndizo zinazozinasa chembe nyeupe za damu kwenye ukuta wa mshipa, zipenye kwenda kupambana na maambukizi. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu katika molekuli hizi: kitovu huchelewa kukatika na vidonda vyao havitungi usaha.

Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum huutumia mfumo huu kutudhuru. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu, huzunguka na damu kwa takriban siku moja. Kisha hutokeza juu ya chembe hiyo protini inayonata kwenye ukuta wa mishipa midogo, na hapo hubaki mpaka chembe ipasuke, saa 48 zikitimia. Kwa njia hiyo hukwepa kuchujwa na wengu. Chembe zikinasa kwa wingi kwenye mishipa ya ubongo damu haipiti vizuri, na mtoto aliyekuwa na homa tu jana, leo anashikwa na degedege au kupoteza fahamu.

Kwa hiyo kipimo cha hadubini kikionyesha vimelea vichache, tusitulie. Damu ya kidoleni huonyesha vinavyozunguka, si vilivyonasa. Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au aliyelegea awahishwe hospitali. Sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali, huua vimelea vikiwa bado vichanga, kabla havijaanza kunata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wenye watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, ulikuta vifo vya 8.5% kwa waliopewa artesuneti na 10.9% kwa waliopewa kwinini, dawa ya malaria ya zamani.

Linalonisikitisha zaidi ni la wajawazito. Kondo la nyuma lina molekuli iitwayo kondroitini salfeti A, na utafiti wa mwaka 1996 magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa vimelea vya kwenye kondo hunata hapo. Kinga ambayo mama ameijenga tangu utotoni haivitambui vimelea hivyo, hasa katika mimba ya kwanza. Huenda asipate hata homa, huku mtoto tumboni akikosa lishe na kuzaliwa na uzito mdogo. Basi akubali dawa ya kukinga malaria, SP, kliniki hata kama hajisikii mgonjwa, kuanzia mwezi wa nne wa ujauzito, dozi moja na nyingine zipishane angalau mwezi mmoja. Anayetumia kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi, kila siku kwa sababu ya VVU hapaswi kupewa SP. Amweleze mkunga mapema.