Makazi bora: maana yake kiafya kwa anayeishi milimani Mwanza

Neno "makazi" limetoka kwenye kukaa, ndiyo maana ni pana kuliko "nyumba". Nyumba ni kuta, sakafu na paa. Makazi ni hivyo vyote pamoja na choo, maji, mfereji, hewa unayovuta ukiwa umelala, na jirani aliyejenga juu yako. Tukisema ubora wa makazi kwa maana ya afya, tunauliza vitu hivyo vinaufanyia nini mwili wa anayeishi humo. Nyumba ya vigae yenye geti inaweza kushindwa hapo, na ya tofali za kuchoma isiyo na rangi ikashinda.

Shirika la UN-Habitat linatazama mambo matano: maji salama, choo kinachofaa, jengo imara, watu wasiozidi 3 kwa chumba, na uhakika wa kutofukuzwa. Hilo la mwisho watu hulishangaa. Lakini mpangaji asiyejua kama mwezi ujao atakuwepo haweki wavu dirishani kwa fedha yake, na aliyejenga kiwanja kisichopimwa anasita kuweka choo cha kudumu.

Chukua chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba sehemu ya dirisha inayofunguka isipungue moja ya kumi ya sakafu, yaani hapa mita za mraba 0.9. Kidirisha cha sentimita 60 kwa 60 kinatoa 0.36 tu. Dirisha la aluminiamu la kusukuma nalo linadanganya macho: kioo kimoja kinakwenda kukaa nyuma ya mwenzake, kwa hiyo linafunguka nusu. La mita 1.2 kwa 1.2 linakupa 0.72. Tena hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Kama ukuta wa pili ni wa jirani, tofali za matundu juu ya mlango zinasaidia, ilimradi korido nayo iwe wazi mwishoni. Na mtu akumbuke kuwa mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Chumba chenye dirisha moja linalotazama ziwa huwa kizuri saa tisa alasiri na kizito saa tisa usiku.

Uzito huo ndio unaobeba kifua kikuu. Mgonjwa akikohoa, vijidudu huelea hewani kwa saa kadhaa, na watu wanne waliofunga dirisha kwa kuogopa wezi wanavuta hewa ile ile hadi asubuhi. Dawa humponya mgonjwa. Waliolala naye kabla hajajua anaumwa walikuwa na dirisha tu la kuwalinda, ndiyo maana nondo imara dirishani, zinazomwezesha mtu kulala limefunguliwa, ni kifaa cha afya kama kilivyo cha usalama.

Jiko la mkaa lina hatari ya aina nyingine. Mkaa ukishakolea wekundu moshi huisha, na hapo ndipo watu huliingiza ndani, maharage yakiwa hayajaiva na mvua imeanza. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, kichefuchefu hufuata, kisha usingizi ambao mtu anaweza asiamke. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje kwanza, halafu hospitali. Jiko lisilale ndani hata kama linaonekana limezimika.

Mbu wa malaria naye huingia usiku, hasa kwenye uwazi kati ya ukuta na mabati. Hapa mambo mawili yanagombana, kwa sababu ukiziba uwazi huo kwa mbao au udongo umemzuia mbu lakini umefunga hewa, na chini ya mabati yasiyo na dari joto la mchana halina pa kutokea. Wavu, juu na madirishani, unamaliza ugomvi.

Jambo linaloitofautisha Mwanza na miji mingine ni choo cha mlimani. Igogo, Mabatini na Isamilo jiwe liko karibu mno na uso wa ardhi, shimo halichimbiki, hivyo watu hujenga choo kwenda juu: kisanduku cha mawe au tofali, na upande wa bondeni tundu lililozibwa kwa jiwe na matambara. Mvua kubwa ikinyesha, kizibo hutolewa. Ndiko kutapisha choo. Kinyesi kinafuata mfereji, kinapita milango ya walio chini, kinaingia Mto Mirongo, kisha ziwani. Aliyetapisha amepata choo kitupu. Kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo vinakwenda kwa watu wasiomjua. Hata choo kisichotapishwa hakiaminiki sana huko juu. Kanuni ya kuweka choo mita 30 kutoka kwenye kisima inategemea udongo kuchuja majitaka, na ufa wa jiwe hauchuji chochote.

Kinachofaa hapo ni mtandao mwepesi wa majitaka kama ule ambao MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, imeuingiza katika baadhi ya mitaa ya milimani: mabomba membamba yanayolazwa kwa kina kifupi kati ya nyumba na nyumba, yakisaidiwa na mteremko. Unaharibika kwa sababu zinazojulikana. Nepi na taulo za kike huziba. Mchanga wa kusugulia sufuria hutuama kwenye chemba. Baya kuliko yote ni mtu kuunganisha maji ya bati kwenye bomba la choo, kwani siku ya mvua chemba ya jirani wa chini ndiyo inayofumuka. Choo cha mtandao huo pia kinataka lita mbili tatu za maji kila mara kinapotumika, kwa hiyo ni kazi bure kukileta mahali ambapo ndoo hupandishwa ngazi za mawe kichwani.

Bomba likiwa mbali, watu hushuka ziwani kufua na kuoga, na huko ndiko kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi. Nje ya mwili hawamalizi siku mbili, hivyo maji ya ziwa yaliyokaa saa 48 kwenye pipa lenye mfuniko, yasiyo na konokono, yanafaa kuogea. Kwa kunywa bado yachemshwe.

Sakafu ya udongo hufuga funza na mayai ya minyoo, na mtoto anayetambaa hula kilichopo. Meksiko walipobadilisha sakafu za udongo kuwa za saruji kupitia mpango wa Piso Firme, utafiti ulikuta vimelea vya tumboni kwa watoto vikipungua kwa 78% pale udongo ulipoondolewa wote.

Nyumba iliyojengwa kwa kuchonga mlima ina tatizo la ukuta wa nyuma. Udongo ukiegemea tofali, maji ya mlima hupenya, na ndani huota ukungu unaochokoza pumu. Plasta mpya haisaidii. Kinachosaidia ni kuutoa udongo ukutani, kuacha nafasi ya mtu kupita, na kuchimba mfereji unaopeleka maji pembeni. Rangi mpya hulificha tatizo hilo msimu mmoja, kwa hiyo dalali akikuonyesha chumba, gusa ukuta wa nyuma kwa kiganja, chini kabisa, pale kitanda kitakapokaa.