Mafuta ya taa si dawa ya sikio la mbwa

Mtwara na Lindi wapo wengi wanaoamini kwamba mbwa akianza kutikisa kichwa na kujikuna sikio baada ya kuogeshwa nyumbani, ana wadudu, na dawa ni kumdondoshea mafuta ya taa. Imani hii ni ya siku nyingi, na inawaumiza wanyama.

Mara nyingi kilichoingia ni maji na povu la sabuni. Tundu la sikio la mbwa hushuka chini kwanza, kisha hukata kona kuelekea kwenye ngoma ya sikio, kama herufi L. Maji yakifika pale kwenye kona hayatoki kirahisi. Unyevu huo, pamoja na joto letu la pwani, huwapa nafasi fangasi na bakteria ambao kwa kawaida huishi humo kwa idadi ndogo. Wenye masikio yaliyolala hupata shida zaidi. Kung'oa nywele za ndani nako huchubua ngozi.

Mafuta ya taa huunguza ngozi hiyo, na ngoma ikiwa imetoboka hupenya hadi sikio la kati. Spiriti nayo huwasha vibaya. Kijiti cha pamba husukuma uchafu ndani zaidi.

Futa nje tu, kwa kitambaa laini kikavu. Ukiona usaha, harufu mbaya, au kichwa kimeinama upande mmoja, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Dawa ya fangasi haitibu utitiri, yaani wadudu wadogo sana wa sikioni, kwa hiyo lazima daktari kwanza achunguze ndani. Safari ijayo ukimwogesha, mmwagie maji kuanzia shingoni kurudi nyuma, kichwa ukipanguse kwa kitambaa chenye unyevu.