Betri kubwa haitibu eathi mbovu

Wengi wanaamini gari likijivuta kuwaka dawa ni betri kubwa, au waya mnene upande wa chanya, upande wa hasi, yaani eathi, wanauacha vilevile. Sio kweli jamani! Umeme wote unaotoka chanya lazima urudi kwenye betri kupitia injini, bodi na huo waya wa hasi, sasa starta (mota inayozungusha injini iwake) ikivuta ampea 200 na pale kwenye nati ya waya wa hasi kuna kutu yenye ukinzani wa omu 0.01 tu, unapoteza volti 2 nzima, hata betri iwe mpya kabisa. Weka multimita (kipima volti) kati ya ncha ya hasi ya betri na chuma cha injini huku mtu anapiga starta, ikizidi nusu volti piga msasa, kaza, au weka waya mnene kama wa chanya.