Kuendesha Baiskeli Wakati wa Tiba ya Saratani na Baada Yake: Maswali na Majibu

Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi, na kwa mpanda baiskeli wa masafa marefu hiyo ni safari ya asubuhi moja. Mtu wa namna hiyo akigundulika na saratani, mara nyingi ndugu ndio wa kwanza kuifungia baiskeli stoo. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini mgonjwa anahitaji majibu kamili kuliko hayo.

Nimeambiwa nipumzike mpaka tiba iishe. Je, ni lazima?

Kwa wagonjwa wengi, hapana. Zamani ushauri ulikuwa kulala na kutunza nguvu. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, lilieleza kuwa mazoezi ya wastani ya dakika 30, mara 3 kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni kwa wagonjwa wa saratani. Mazoezi ya kuimarisha misuli mara 2 kwa wiki husaidia pia. Uchovu wa saratani hauishi kwa kulala tu, na anayekaa kitandani wiki nzima huamka akiwa dhaifu zaidi.

Mwaka 2025 yalitoka matokeo mengine makubwa, ya utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wamemaliza upasuaji na kemo, yaani dawa kali za kuua saratani ambazo mara nyingi hutiwa kwa dripu. Nusu yao walipewa programu ya mazoezi yenye usimamizi kwa miaka 3. Baada ya miaka 5, takriban asilimia 80 ya kundi hilo walikuwa hai bila saratani kurudi, na kundi lililopewa vijitabu vya ushauri tu lilikuwa na asilimia 74. Huo ni ushahidi wa saratani ya utumbo mpana, tusiubebeshe saratani zote. Wala mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Usikose dripu kwa sababu unajisikia una nguvu.

Wakati wa kemo niende umbali gani?

Sahau kilomita, hesabu dakika. Siku chache baada ya dripu, dakika 10 au 15 karibu na nyumbani zinatosha. Wiki ya mwisho kabla ya dripu inayofuata wengi huwa na nguvu zaidi, na hapo unaweza kuongeza. Kipimo chepesi ni kuongea: ukiweza kutamka sentensi nzima huku unakanyaga, mwendo ni wa wastani, ukikatika kila neno la pili, punguza. Vilima vya Kampala havimwonei huruma mwenye upungufu wa damu, kwa hiyo tafuta barabara tambarare, na penye mwinuko shuka usukume. Nenda na mwenzako, simu ikiwa na chaji.

Siku zipi nisiipande kabisa?

Hapa naomba usome polepole. Kemo nyingi hushusha chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, na mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi katika kipindi hicho ni dharura, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kwetu Uganda mtu akisikia homa hukimbilia duka la dawa kununua ya malaria, kisha anasubiri siku 2 aone. Kwa mgonjwa wa kemo kusubiri huko kunaweza kuua. Inawezekana kweli ni malaria, lakini pimwa malaria na chembe za damu kwa pamoja, mbele ya watu wanaojua uko kwenye kemo.

Usipande pia ukiwa unatapika au unaharisha, ukiwa na kizunguzungu, kifua kikikubana, au ukitokwa na damu puani au kwenye fizi. Chembe sahani, zinazogandisha damu, zikishuka sana, kuanguka mara moja tu kunaweza kuvujisha damu ndani ya mwili. Uliza majibu yako ya damu kila unapopimwa, ni haki yako. Kama saratani imefika kwenye mifupa, daktari aamue kwanza. Baiskeli isiyosonga, ya ndani, huenda ndiyo salama.

Vidole vimekufa ganzi. Bado naweza?

Baadhi ya dawa huumiza mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Kabla ya kutoka, funga vifungo vya shati bila kuangalia. Kisha simama kando ya baiskeli, bana breki zote mbili kwa nguvu huku unaisukuma mbele. Vifungo vikikushinda, gurudumu likiendelea kuzunguka, au usipojua kwa vidole umebana kiasi gani, leo tembea kwa miguu. Mwambie daktari pia, maana wakati mwingine dozi hubadilishwa.

Nimefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Kiti je?

Subiri ruhusa ya daktari wa upasuaji, mara nyingi ni wiki kadhaa. Aliyepigwa mionzi ya nyonga, mwanamume au mwanamke, asikalie kiti ngozi ikiwa bado ina vidonda. Na kabla ya kipimo cha damu cha tezi dume, kaa siku 2 bila baiskeli, kwani kiti kinaweza kupandisha majibu.

Nilitolewa titi na matezi ya kwapani. Mkono utavimba?

Mazoezi yanayoongezwa taratibu hayajaonekana kuleta uvimbe huo. Badilisha mshiko wa usukani mara kwa mara, na mkono ukianza kuwa mzito au pete kubana, rudi kliniki.

Lini nirudie safari ndefu?

Uliza kwanza kuhusu moyo. Doksorubisini, ile dawa nyekundu, inaweza kudhoofisha moyo, hata miaka baadaye. Aliyeipata aombe kipimo cha moyo kabla ya kushindana au kupanda milima. Ukiruhusiwa, anza na safari unayoimaliza ukiwa bado na nguvu, na uongeze kidogo kila wiki, si kila siku. Kula vizuri: maharage, mayai, karanga, mukene (dagaa), kwa sababu misuli iliyopotea haijengwi kwa posho (ugali) peke yake. Wengine hurudi Jinja baada ya miezi kadhaa, wengine mwaka na zaidi, kulingana na dawa walizopewa.