Elastoma: kwa nini mpira mgumu si lazima uwe mpira shupavu

Jahazi likifunga gati Malindi, tazama yale matairi makuukuu yaliyotundikwa ubavuni. Chombo kinakuja na uzito wake wote, tairi linabonyea mpaka unadhani limekwisha, kisha linarudi lilivyokuwa. Kitu chenye tabia hiyo, ya kuvutika au kubonyea na kurejea, wanakemia hukiita elastoma.

Ndani yake mna molekuli ndefu mno, zimevurugana kama tambi sufuriani. Ukivuta, zinanyooka, ukiachia, joto linazitikisa mpaka zinajikunja tena. Utomvu wa mpira, huohuo unaogemwa mashambani Unguja na Pemba, una minyororo hiyo ya molekuli, ila haijafungana, ndiyo maana mpira mbichi hunata ukipata joto. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kuwa ukipashwa moto pamoja na salfa, minyororo hushikana kwa vifundo.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, wakidhani vifundo vikizidi mpira ndio unakuwa bora. Wapi! Unakakamaa tu. Salfa ikifika kama asilimia 30 unapata eboniti, ya kuchongea vitana, si ya kupokea kishindo. Ushupavu ni jambo jingine: ni kiasi cha nishati ambacho kitu hukimeza kabla hakijapasuka.

Fundi cherahani hupiga bandi kanzu kabla ya kuishona. Ukiivuta, nyuzi za bandi hukatika kwanza, mmoja mmoja, na mshono wenyewe unasalimika. Elastoma shupavu husukwa hivyohivyo: vifundo vya kudumu vichache, na katikati yake viungo dhaifu vingi, aghalabu vya haidrojeni, yaani mvutano mdogo tu kati ya molekuli na molekuli. Pigo likija, viungo hivyo vinaachia, nishati inageuka joto. Tena vina faida kuliko bandi ya fundi, maana baadaye hushikana upya vyenyewe. Poliyurethani, elastoma ya kutengenezwa kiwandani, hufanya kazi kwa mpango huo, sehemu laini zikivutika na sehemu ngumu zikishikilia.

Mpira wa asili una ufundi wake: ukivutwa sana, minyororo hujipanga ikawa fuwele papo hapo penye ncha ya ufa, na ufa unakwama. Matairi ya ndege bado yanautegemea.

Ila minyororo inahitaji nafasi ya kusogea. Kwenye baridi ya nyuzi 70 hivi chini ya sifuri, mpira wa asili huvunjika kama tambi kavu. Baridi hiyo Zanzibar hatuijui, lakini kwa elastoma nyingine pigo la kasi mno linatosha kuifanya tambi kavu, hata iwe kaskazi.