Nakala za vazi la hekaluni la Wamormoni: ni nini, huuzwaje, na kwa nini waliotoka kanisani hawaafikiani juu yake

Nakala ya vazi la hekaluni ni nguo ya ndani iliyoshonwa ifanane na ile wanayovaa Wamormoni, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ila haikushonwa na kanisa wala haiuzwi kwa idhini yake. Mshonaji ni yeyote mwenye cherehani, soko lake kubwa ni intaneti, na mnunuzi haulizwi imani yake. Biashara yenyewe ni ndogo, lakini huwachoma watu moyo, wakiwemo ambao hawajakanyaga hekaluni kwa miaka mingi. Sababu haieleweki bila kulijua kwanza vazi lenyewe.

Muumini hulipokea anapopata endaumenti, ibada ya hekaluni ambamo hufundishwa na kuweka maagano na Mungu. Joseph Smith aliianzisha ibada hiyo Mei 1842 mjini Nauvoo, jimbo la Illinois. Tangu siku anayoipata, muumini hulivaa vazi hilo chini ya nguo zake za kawaida, mchana na usiku, maisha yake yote. Hulivua anapooga, anapoogelea, au anapofanya shughuli isiyowezekana akiwa nalo mwilini. Wengi hulichanganya na mavazi ya ibada, yaani joho, mshipi, kofia ya wanaume, shela ya wanawake na aproni ya kijani yenye majani ya mtini. Hayo huvaliwa ndani ya hekalu tu, juu ya nguo nyeupe. Wauzaji wa nakala nao huyachanganya: huandika "seti ya hekaluni" kisha wakatuma fulana na bukta peke yake, au kinyume chake.

Umbo la vazi limebadilika mara kadhaa. La zamani lilikuwa kipande kimoja kilichofika hadi vifundo vya miguu na mikono, lenye kola, likifungwa mbele kwa kamba. Mwaka 1923 kanisa liliruhusu mikono iishie kwenye kiwiko na miguu ipite goti kidogo tu. Vifungo vikachukua nafasi ya kamba na kola ikaondoka. Lile refu liliendelea kutumika ndani ya hekalu mpaka 1975. Mwaka 1979 likaja la vipande viwili, fulana na bukta ya kufika gotini, na ndilo linalovaliwa na wengi leo. Mwaka 2024 kanisa lilitangaza mitindo mipya kwa ajili ya maeneo ya joto na unyevu, ikiwemo fulana iliyokatwa mabegani na shimizi kwa wanawake. Ni habari inayotuhusu huku kwetu, maana Kinshasa ina hekalu tangu Aprili 2019 na Nairobi tangu Mei 2025. Kabla ya hayo, Wamormoni wa Kenya walisafiri hadi Johannesburg, penye hekalu la kwanza la Afrika, la mwaka 1985.

Kinacholitofautisha vazi hili na nguo nyeupe yoyote ya ndani ni alama nne. Kifuani upande wa kulia kuna ya pembemraba, zana ya fundi ya kupimia pembe, kama herufi L. Upande wa kushoto ya bikari, kama herufi V. Ya tatu iko kitovuni na ya nne kwenye goti la kulia, na hizi mbili ni mistari mifupi iliyolala. Zikishonwa kwa uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, mtu asiyejua hudhani ni matundu ya vifungo yaliyozibwa. Kwenye vitambaa vingine huchapwa badala ya kushonwa. Pembemraba na bikari ni zana zinazojulikana pia kwa Wafrimasoni, na Joseph Smith alijiunga nao Machi 1842, wiki chache kabla ya kuanzisha endaumenti. Kwa muumini, alama hizo humkumbusha maagano yake. Maana ya kila moja hufundishwa hekaluni, na haitamsaidia msomaji wa makala haya ikianikwa hapa.

Halisi hushonwa na Beehive Clothing, kiwanda cha kanisa, na kuuzwa katika vituo vya ugawaji na duka la kanisa la mtandaoni. Mnunuzi huingia kwa akaunti yake ya uanachama, na duka huhakikisha kwanza kuwa ameshapata endaumenti. Bei ni ya kurudisha gharama tu, dola chache kwa kipande. Huchagua kitambaa (pamba, pamba ya kunyumbuka, nailoni nyepesi ya matundumatundu), saizi, na mkato wa shingo. Wanajeshi hupata fulana za rangi ya sare zenye alama. Mwongozo wa kanisa haumruhusu muumini kujishonea vazi hili hata akiwa fundi hodari na mwaminifu. Anachoweza kujishonea ni aproni peke yake, tena kwa vifaa vinavyotolewa na kanisa. Kitambaa cha ihramu huuzwa kwa yeyote, na anayekinunua hana haja ya kueleza anakwenda Makka lini. Duka la kanisa hutaka kwanza kujua mnunuzi ni nani, na ndiyo maana nakala ikapata soko.

Soko hilo lina wanunuzi wa aina mbalimbali. Wapo wakusanyaji, watu wa maigizo na wenye udadisi tu. Wapo watengenezaji wa picha za ngono, na hilo tutalirudia. Halafu kuna kundi ambalo watu wa nje hawalifikirii: Wamormoni walioacha kuamini ila hawajasema nyumbani. Chini ya shati jepesi, shingo ya fulana ya hekaluni huchora mstari wa upinde kifuani, na Wamormoni wa Marekani huutania kwa kuuita tabasamu la selestia, kwa jina la ufalme wa juu kabisa mbinguni. Mama mkwe akimkumbatia mtu, mkono wake hupita kwenye mshono wa bega na kuhisi kama kuna kitambaa cha pili. Asiyetaka maswali hununua fulana nyeupe ya shingo pana na bukta ndefu dukani, zisizo na alama yoyote, akavaa hizo. Hiyo nayo ni nakala, ingawa haiuzwi kwa jina hilo, na kwa maoni yetu ndiyo yenye sababu ya kibinadamu kuliko zote.

Vikundi vya Wamormoni wa msimamo mkali vilivyojitenga na kanisa kuu bado huvaa lile refu la zamani na hujishonea wenyewe. Kwao hilo ndilo vazi halisi. Muuzaji anayeliita "nakala ya kale" huwa anatumia jina la mtu wa nje.

Nakala nyingi zina kasoro zilezile. Kubwa ni alama kugeuzwa upande: fundi hufuata picha, akaweka kulia kile anachokiona kulia, akasahau kuwa mvaaji anatazamana naye. Matokeo yake L na V hubadilishana na alama ya goti huhamia mguu wa kushoto. Nyingine ni ukubwa na rangi. Alama hukuzwa ili zionekane kwenye tangazo, au hushonwa kwa uzi wa rangi, wakati za kweli hazitakiwi kuonekana. Kasoro ya tatu ni kuchanganya zama, kama kola ya kabla ya 1923 kwenye vazi la vipande viwili. Aliyelivaa vazi miaka ishirini huyaona haya mara moja. Wanaolipata sawa mara nyingi ni watu waliowahi kulivaa.

Kisheria, Marekani haimzuii mtu kushona nguo ya aina hii. Hakimiliki ya huko hailindi mkato wa nguo, na pembemraba na bikari si mali ya kanisa. Kinachoweza kumfikisha mahakamani ni kutumia majina na nembo za biashara za kanisa, zinazosimamiwa na kampuni yake iitwayo Intellectual Reserve, au kumdanganya mnunuzi kuwa bidhaa imetoka Beehive Clothing. Kuuza lililo halisi ulilolinunua kihalali nako si kosa la jinai. Kwa lililovaliwa kizuizi ni kingine: masoko kama eBay hayaruhusu nguo za ndani zilizotumika, kwa sababu za usafi, dini haihusiki. Ndiyo maana matangazo husisitiza neno "jipya" hata pale picha inapoonyesha kitambaa kilichochakaa kwapani.

Watu wa nje hudhani aliyetoka kanisani atafurahi kuliona vazi hilo likiuzwa kama bidhaa yoyote. Baadhi hufurahi kweli. Hawa waliishi na mahojiano ya sifu ya hekaluni, yaani kibali cha kuingia hekaluni, ambamo askofu na kisha kiongozi wa kigingi (muungano wa matawi ya kanisa ya eneo moja) humuuliza muumini, pamoja na mengine, kama analivaa vazi ipasavyo. Wanawake miongoni mwao hukumbuka joto, maambukizi ya sehemu za siri, sidiria juu ya tabaka la ziada wakati wa kunyonyesha, na mishono iliyokaba tumbo la ujauzito. Kwao kitu kinachoweza kununuliwa na yeyote hakina tena nguvu ya kumtia mtu hofu. Malalamiko hayo ya afya ni ya kweli, na wanawake walio ndani ya kanisa wameyatoa pia.

Lakini wengi hukasirika, na hasira yao haitoki kwenye imani. Mama angali analivaa, na babu alizikwa nalo. Wanaona tangazo linamdhihaki mama kuliko linavyowagusa viongozi. Wanaikumbuka pia Oktoba 2003 mjini Salt Lake City, wahubiri wa mitaani walipolipeperusha vazi hili kwa dharau nje ya mkutano mkuu wa kanisa mpaka watu wakashikana. Baadhi ya waliokwishaacha imani zamani husema hawakuweza kulitupa lao. Wengine walikata alama zote nne na kuziharibu kwanza, kama mwongozo unavyoelekeza kwa vazi lililochakaa, kisha wakageuza kitambaa kilichobaki kuwa tambara la kufutia vumbi. Hawakuwa na wajibu wa kufanya hivyo tena.

Kwenye mambo mawili pande hizi hukaribiana sana. La kwanza ni picha za ngono: hata wanaoliona vazi kama chombo cha kuwabana watu hawapendi kuona mwili wao wa zamani, na aibu waliyofundishwa juu yake, vikifanywa kivutio cha wateja. La pili ni kuuza halisi lililonunuliwa kwa akaunti ya ndugu ambaye bado ni muumini. Hapo mtu hajaasi kanisa. Ametumia uaminifu wa dada yake kupata faida. Kwa mizani hiyo nakala ni afadhali, kwa kuwa haikuhitaji kumdanganya mtu yeyote ndipo ipatikane.

Kanisa lenyewe lilitoa video Oktoba 2014 ikionyesha vazi hilo na mavazi ya ibada yakiwa yametandazwa mezani, likaomba yaheshimiwe kama yanavyoheshimiwa mavazi ya watawa na makasisi wa dini nyingine. Tangu hapo kisingizio cha kununua nakala ili "kuona siri" kimepungua uzito, kwa kuwa picha sahihi ipo bure. Anayehitaji nguo kwa ajili ya jukwaa achague kwanza mwaka wa kisa chake: kabla ya 1923 ni kipande kimoja kirefu chenye kola na kamba, kati ya 1923 na 1979 ni kipande kimoja kilichofupishwa chenye vifungo, baada ya 1979 fulana na bukta za pamba nyeupe za dukani zinatosha. Alama aziache. Kutoka viti vya watazamaji hazionekani hata kidogo, na kama kuna aliyewahi kuzivaa ameketi ukumbini, atalitambua vazi kwa mkato wa shingo na urefu wa bukta.